Walinzi wa London, Wahariri wa Redmond

Desemba 2010, kamati iliyoandaa Michezo ya Olimpiki ya London ilikubaliana na kampuni ya ulinzi ya G4S iipatie walinzi 2,000. Kampuni ndiyo ingewatafuta, ingewahoji, ingewafundisha, ingewafuatilia leseni na kuwapangia zamu viwanjani, kamati ingelipa. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 2011, hesabu zilipigwa upya, ikaonekana walinzi wanaotakiwa kutoka kwa kampuni hiyo ni 10,400. Mkataba ukarekebishwa, thamani yake ikapanda kutoka paundi milioni 86 hadi milioni 284. Michezo ilikuwa imebakiza miezi saba.

Aliyewahi kuratibu mafunzo ya wafanyakazi ataiona hatari hapo hapo. Kila mlinzi alipaswa kupita hatua baada ya hatua: usaili, kuchunguzwa historia yake, darasa, leseni, kitambulisho cha Michezo, sare, na mwishowe ratiba ya kumwambia aripoti uwanja gani na saa ngapi. Aliyekwama hatua ya tatu hana msaada wowote uwanjani, hata kama jina lake limo kwenye orodha. Na waombaji walikuwa zaidi ya laki moja. Maelfu ya watu wakawa njiani kwa wakati mmoja, kila mmoja na hatua yake. Wapo waliomaliza mafunzo wakabaki nyumbani wakisubiri ratiba ambayo haikuja. Wakati huo huo, taarifa zilizopelekwa kwa kamati na serikalini zilisema kazi inakwenda vizuri.

Jumatano, tarehe 11 Julai 2012, siku 16 kabla ya ufunguzi, kampuni ilikiri kwamba haitaweza kuleta idadi iliyoahidi. Serikali ikaita wanajeshi 3,500 wa nyongeza. Baadhi yao walikuwa wametoka karibuni vitani Afghanistan, na wapo waliofutiwa likizo walizokwisha kupanga na familia zao. Siku chache kabla ya ufunguzi wakaongezwa wengine 1,200. Tarehe 17 Julai mkurugenzi mkuu wa kampuni, Nick Buckles, aliketi mbele ya Kamati ya Mambo ya Ndani ya Bunge la Uingereza. Mwenyekiti wake, Keith Vaz, alimuuliza kama jambo hilo si fedheha kwa kampuni, naye hakubisha. Alipoulizwa kuhusu malipo, alisema kampuni bado itadai ada yake ya usimamizi, paundi milioni 57.

Hiyo ada nataka tuitazame vizuri. Kwa mtazamo wa kampuni, usimamizi ni kazi iliyofanyika: ofisi zilifunguliwa, watu walihojiwa, madarasa yaliendeshwa. Kwa mtazamo wa mwananchi aliyekuwa akilipa, usimamizi usiomfikisha mlinzi getini hauna maana. Wote wawili walikuwa wakizungumzia mkataba ule ule. Mkataba unaomruhusu mtoa huduma kudai malipo kwa shughuli alizofanya, huku mnunuzi akingoja matokeo, una kasoro tangu siku unaposainiwa, na kasoro hiyo nimeiona katika mikataba mingi ya mafunzo ya kampuni zetu: mzabuni analipwa kwa siku za semina na idadi ya waliosaini karatasi ya mahudhurio.

G4S hatimaye ilitimiza asilimia 83 ya zamu ilizoahidi. Wakurugenzi wake wawili walijiuzulu, na hasara iliyoipata ilifika paundi milioni 88. Michezo ilifana, kwa sababu Uingereza ilikuwa na jeshi la kuziba pengo. Kampuni yako haina jeshi. Mafunzo ya wafanyakazi wako yakikwama wiki mbili kabla ya mfumo mpya wa kompyuta kuwashwa, hakuna wa kumwita.

Kamati ya Bunge iliitwisha kampuni lawama yote. Kisheria hukumu hiyo ni ya haki, kwa sababu aliyeahidi ndiye aliyeshindwa. Lakini kwa anayetaka kujifunza haitoshi. Mnunuzi alikuwa ametoa kazi nje pamoja na macho ya kuitazama. Alipokea hesabu za walioomba, waliohojiwa na walioingia darasani, na hesabu hizo zilikuwa kubwa na za kutia moyo. Swali lililokuwa na uzito lilikuwa moja: leo hii, walinzi wangapi wamekamilisha kila hatua na wana ratiba mkononi? Jibu la kuaminika halikupatikana hadi lilipokuwa limechelewa, na aliyetakiwa kulitoa ni yule yule aliyekuwa na sababu ya kutotaka liulizwe.

Kisa kama hiki kikisimuliwa kwenye kikao cha menejimenti, mara nyingi huamuliwa papo hapo: basi tusiwape watu wa nje, tuchukue wakufunzi wa mkataba, tuwaweke ofisini kwetu, tuwasimamie wenyewe. Ni uamuzi unaoeleweka. Kabla ya kuupitisha, nawaomba wakubwa hao wanifuate hadi Redmond, jimbo la Washington, Marekani, makao makuu ya Microsoft.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 Microsoft ilikuwa ikikua kwa kasi, na ilihitaji watu wa kupima programu, kuhariri vitabu vya maelekezo, kusoma prufu, kupanga kurasa na kuandaa faharasa. Nyingi ya kazi hizo ni za mafunzo kwa namna yake, kwa kuwa kitabu cha maelekezo ndicho kilichokuwa mwalimu wa mteja. Waliochukuliwa hawakuajiriwa. Walisaini karatasi zilizosema wao ni watu wanaojitegemea, kwamba kodi watalipa wenyewe na mafao ya wafanyakazi hayawahusu. Walipeleka ankara, na malipo yao yalitoka idara inayolipa watoa huduma, nje ya orodha ya mishahara.

Sasa tazama siku yao ya kazi ilivyokuwa. Asubuhi waliingia jengo lile lile la waajiriwa, wakakaa kwenye timu zile zile, chini ya wasimamizi wale wale, kwa saa zile zile. Vifaa vilikuwa vya kampuni. Baadhi walikaa miaka. Kilichowatofautisha na jirani wa meza ya pili ni rangi ya kitambulisho shingoni, anwani ya barua pepe, na kutoalikwa kwenye hafla za kampuni.

Mamlaka ya mapato ya Marekani ilipokagua mwaka 1989 na 1990 haikusimama kwenye karatasi zilizosainiwa. Ilitazama nani anampangia nani kazi, ikaamua kwamba watu hao ni waajiriwa. Microsoft ikakubali kulipa kodi zilizopaswa kukatwa. Wachache ikawaajiri, na wengine ikawaambia kama wanataka kuendelea wapitie kwa wakala wa ajira. Mwaka 1992 wanane kati yao walifungua kesi wakidai haki za mafao, ikiwamo ile ya kununua hisa za kampuni kwa bei ya punguzo, katika miaka ambayo hisa hizo zilikuwa zikitajirisha watu. Mahakama ya rufani iliwapa ushindi mwaka 1996, na jopo kubwa zaidi la mahakama hiyo hiyo likawapa tena mwaka 1997. Desemba 2000 shauri lilimalizwa kwa makubaliano: Microsoft ilipe takriban dola milioni 97, zigawanywe kwa maelfu ya watu waliowahi kufanya kazi kwa mtindo huo.

Ukiviweka visa hivi viwili pamoja utaona vinafundisha jambo moja. London ilijivua wajibu wa kuisimamia kazi, ikajivua na uwezo wa kujua kinachoendelea. Redmond ilishika usimamizi wote, ikataka gharama na wajibu vibaki kwa mtu mwingine. Amri na wajibu havikubali kutenganishwa namna hiyo. Anayetaka kumpangia mkufunzi saa za kuingia, meza ya kukaa na kazi ya kesho amekuwa mwajiri wake, na ajitayarishe kuwa mwajiri. Anayetaka kununua matokeo aachane na kupanga saa, ajitayarishe kuyapima matokeo hayo yeye mwenyewe.

Mtu asidhani kisa cha Redmond ni cha Marekani peke yake. Sheria ya Taasisi za Kazi ya Tanzania ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inasema mtu anayemfanyia mwingine kazi atachukuliwa kuwa mwajiriwa, hata mkataba wake uwe umeandikwa vipi, ikiwa dalili moja tu kati ya zilizoorodheshwa ipo, hadi ithibitishwe vinginevyo. Dalili zenyewe ni za kawaida mno: kuelekezwa namna ya kufanya kazi, kupangiwa saa, kuwa sehemu ya taasisi, kumfanyia kazi mtu huyo kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu ya mwisho, kumtegemea kiuchumi, kupewa vitendea kazi, au kumhudumia mtu mmoja tu. Mchukue yule mkufunzi mnayemwita mshauri elekezi, aliyekaa Idara ya Rasilimali Watu mwaka wa pili sasa, mwenye kompyuta ya ofisi, anayetumwa Mbeya wiki hii na Tanga wiki ijayo, na ambaye bosi akikosa mtu wa kuandika kumbukumbu za kikao humwita yeye. Mpitishe kwenye orodha hiyo. Siku akiachishwa na kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, neno "mshauri" lililo kichwani mwa mkataba wake halitawasaidia sana.

Gharama nazisema kwa ufupi, kwa kuwa ndizo hutangulizwa kwenye vikao na mara chache ndizo huamua kama mafunzo yatafaulu. Mkufunzi wa mkataba anayelipwa shilingi milioni 3 kwa mwezi humgharimu mwajiri wa Tanzania zaidi ya hapo: asilimia 10 ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ni shilingi 300,000, tozo ya kuendeleza ujuzi ya asilimia 3.5 kwa mwajiri mwenye watu kumi au zaidi ni 105,000, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, asilimia 0.5, ni 15,000. Jumla ni shilingi 3,420,000, mbali na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Kampuni iliyosajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani itaongeza asilimia 18 juu ya bei yake, na bei hiyo tayari ina faida yake ndani. Tofauti ipo, lakini ni ndogo ukilinganisha na gharama ya kufundisha watu wale wale mara ya pili.

Kinachopaswa kutangulia ni swali la maarifa: yako wapi leo, na yanatakiwa yabaki wapi kazi ikiisha? Kampuni za bima zilikutana nalo uso kwa uso pale kiwango kipya cha hesabu za mikataba ya bima, IFRS 17, kilipoanza kutumika tarehe 1 Januari 2023. Kiwango kilikuwa kimetolewa tangu Mei 2017, kwa hiyo muda ulikuwepo. Kanuni zenyewe zilijulikana zaidi kwa makampuni makubwa ya uhasibu na kwa wataalamu wa takwimu za bima, na hakuna aibu kununua maarifa hayo nje. Kampuni ndogo ya bima kuajiri mtu wa kuifundisha kanuni hizo kwa miezi mitatu tu ni kujitafutia tabu. Ila kanuni ni nusu ya somo. Nusu nyingine ni mikataba yenu wenyewe: bima zenu za afya zimegawanywa vipi, mawakala wa mikoani hutuma taarifa zikiwa na mapengo gani, mfumo wenu wa zamani ulihifadhi tarehe ipi na ukaacha ipi. Hayo mgeni hayajui, na akijaribu kuyafundisha atafundisha makosa. Sehemu hiyo inamtaka mtu wa nyumbani, au mtu wa mkataba atakayekaa muda wa kutosha na kusimamiwa kweli kama mwajiriwa.

Maarifa yaliyo nje, ambayo hayabadiliki kwa sababu yenu na ambayo mtu anaweza kupimwa mwisho wake, yanunueni kwa kampuni. Huduma ya kwanza na kuzima moto ni mfano rahisi. Maarifa yaliyo ndani, yanayobadilika kila taratibu zenu zinapobadilika, wekeni mtu. Miradi mikubwa mingi ina yote mawili, na kosa ninaloliona likirudiwa ni kuutupa mradi mzima upande mmoja kwa sababu fomu ya manunuzi ina kisanduku kimoja cha kujaza.

Kuna jambo jingine linalosahaulika hadi mradi uishe. Nenda tawini wiki ya pili baada ya semina ya mfumo mpya. Vyeti vya ushiriki vimekwisha kutolewa, mzabuni ameondoka na ripoti yenye picha za washiriki. Pembeni mwa skrini ya karani utakuta karatasi imebandikwa kwa selotepu, imeandikwa kwa kalamu ya wino: bonyeza hapa kwanza, usibonyeze kile, ikigoma mpigie fulani wa tawi la mjini. Karatasi hiyo haikutoka kwa mkufunzi. Ameiandika karani mwenzake, baada ya kukwama mbele ya foleni ya wateja. Ndani yake kuna kila kitu ambacho mafunzo yaliruka, kimepangwa kwa mfuatano ambao mtumiaji anauhitaji. Kwenye mkataba wa mafunzo sijaona kifungu kinachomlipa mtu azunguke matawini kuzisoma karatasi hizo na kurekebisha somo. Mzabuni hawezi kulaumiwa, hakuulizwa. Mtu wa mkataba aliyemaliza muda wake siku semina ya mwisho ilipofungwa naye hayupo.

Ndiyo maana, wowote mtakaowachagua, kuna mambo ya kudai mapema. Msikubali kuachiwa nakala za PDF peke yake. Daini faili za asili za somo, maswali ya mtihani na majibu yake, na kibali cha maandishi cha kuyabadilisha. Vinginevyo menyu moja ya mfumo ikihamishwa mtarudi kwa mzabuni kununua tena kitabu kile kile. Sehemu ya malipo, isiwe ndogo, ifungwe hadi wiki kadhaa baada ya darasa, na ipimwe kwa vitu vinavyohesabika kazini: miamala iliyorudishwa kwa makosa, simu zinazopigwa kitengo cha TEHAMA, muda ambao mteja mmoja anahudumiwa dirishani. Na idadi ya wanafunzi ikiongezwa katikati ya mradi, kama ilivyokuwa London, simamisheni kazi, mpange upya wakufunzi, ratiba na tarehe ya kuanza. Mkurugenzi anayesema ongezeni matawi ishirini lakini tarehe ibaki ile ile ameshaamua kwamba baadhi ya watu hawatafundishwa.

Kwa wakufunzi wa mkataba neno langu ni fupi. Wapeni mkataba wa ajira wa muda maalumu pale sheria inaporuhusu, walipieni NSSF, wapeni likizo yao, na muwaambie wazi mradi unaisha lini. Mtu anayejua haki yake iko salama atakaa na karani aliyekwama hadi aelewe. Anayejua anaweza kuachwa mwezi ujao anatafuta kazi nyingine huku akiwa darasani kwenu, na ana haki ya kuitafuta.

Wewe ambaye una mkataba wa mafunzo mezani wiki hii, kabla hujausaini andika pembeni jina la mwajiriwa wenu mmoja atakayeketi madarasani, atakayepita matawini baada ya semina, na mwenye uwezo wa kusema kazi bado haijakamilika. Mpunguzie majukumu mengine ili aipate nafasi hiyo. Kisha kiandikwe kifungu kwamba sehemu ya mwisho ya malipo haitatoka bila saini yake, na mzabuni akisome kabla hajakubali kazi.